Mchango wa Bibi Apolonia katika Pato la Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana katika nchi hiyo ambayo haipo wapo maofisa wanaolipwa mshahara kusoma hadithi za watu, na sitaki wapoteze muda wao wa thamani.

Ilikuwa nchi inayotajirika kila mwaka. Tulipopata uhuru, kila mwananchi alikuwa na pato la dola sitini na moja kwa mwaka. Miaka kumi baadaye tukaambiwa ni mia moja na nne. Ukaja ukame, sabuni ikaadimika, tukapigana vita na jirani, tukavaa viraka juu ya viraka, na dola zetu zikapanda hadi mia mbili na themanini. Mwaka ambao kiwanda cha nguo cha mjini kwetu kilifungwa na wafanyakazi elfu mbili wakaanza kuuza karanga, tulivuka mia tano. Mimi binafsi sikuwahi kuzitia machoni dola zangu. Lakini sikusoma sana, na niliamini kwamba serikali ikisema ninazo, basi ninazo, ila nimezisahau mahali.

Jina langu halina umuhimu. Watu wa Kata ya Mawe Mengi huniita Katibu, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana. Akifa mtu kwetu, wanaume wanachimba, wanawake wanapika, mwenye turubai analileta, mwenye masufuria anayatoa. Mwislamu anamchimbia Mkristo na Mkristo anamchotea maji Mwislamu. Hakuna anayelipwa hata senti. Sharti ni moja tu: uje. Asiyekwenda kwa wenzake, wenzake hawaendi kwake. Kazi yangu ni kukumbuka nani alikuja kwa nani, na nina kumbukumbu mbaya sana, maana sisahau.

Ndiyo maana nakumbuka kwamba Mheshimiwa Ladislaus Mbuyita, Waziri wa Pato la Taifa, mtoto wa kata yetu wenyewe, hajawahi kumzika mtu. Tangu apande ndege kwenda kusoma, hakurudi kushika jembe. Baba yake alipofariki alituma salamu za rambirambi, zikasomwa na dereva. Mama yake, Bibi Apolonia, ndiye aliyekuwa akiliziba pengo hilo. Hakuna msiba aliokosa. Utamwona huyo anakuja na sufuria lake la uji kichwani, mguu mmoja unachechemea, anauliza, "Kuni ziko wapi?"

Mwanawe aliwahi kumchukua akakae naye makao makuu. Alikaa siku nne akarudi. Alisema kule jirani yako akifa unapata habari kwa harufu ya pilau.

*

Wizara ya Pato ilikuwa kubwa. Kulikuwa na Kurugenzi ya Kupanda, Kurugenzi ya Kupanda Zaidi, na kitengo kidogo chini ya ngazi kilichoitwa Idara ya Kutoshuka. Pamoja na wataalamu wote hao, mwaka mmoja pato likakwama. Mia tisa arobaini. Mwaka uliofuata, mia tisa arobaini. Ukifika elfu moja unaitwa nchi ya kipato cha kati, na sisi tulikuwa tumeukaribia mlango huo kiasi cha kusikia kicheko cha waliomo ndani.

Mkuu wa Nchi akaenda kwenye mkutano wa mataifa. Akapewa kiti cha plastiki, karibu na choo. Rais wa nchi jirani, ambaye tulimpiga kwenye vita, alikaa mbele kwenye kiti cha ngozi na chupa yake ya maji. Mkuu wetu akarudi na homa. Akamwita Waziri wake chumbani.

"Ladislaus," akasema, "nataka kile kiti."

Mheshimiwa Waziri alitoka pale akiwa hajui kushoto wala kulia. Njiani msafara wake ukasimamishwa na watu waliobeba jeneza. Akatoa kichwa dirishani kuwafokea, na hapo hapo, kwa mujibu wa kitabu cha maisha yake kinachofundishwa shuleni, akafunuliwa. Kesho yake alikuwa bungeni.

"Waheshimiwa wabunge!" alinguruma. "Tumekalia dhahabu! Kila siku iendayo kwa Mungu, wananchi wetu wanachimba, wanapika, wanabeba, na wanalia. Na yote hayo wanayafanya bure! Cha bure hakihesabiki. Kisichohesabika hakipo. Tuna taifa zima linalotoka jasho kwa kazi isiyokuwepo! Lipeni kilio, waheshimiwa! Kilio kikilipiwa, kinakuwa uchumi!"

Wabunge wakapiga meza mpaka glasi zikaanguka. Sheria ya Kurasimisha Majonzi ilipita kwa dakika arobaini, chai ikiwemo. Kuanzia siku ile ilikuwa kosa kuchimba kaburi, kupika matangani, kubeba maiti au kulia bila malipo na risiti ya mashine. Ndugu wa damu waliruhusiwa kulia bure kwa robo saa. Vyama vya kuzikana vilipigwa marufuku kwa kuhujumu pato la taifa, na mimi, katibu, nikapewa onyo la maandishi, ambalo nalo nililitolea ada.

*

Wa kwanza kuonja sheria hiyo kwetu alikuwa Bi. Sikudhani, fundi cherehani. Mama huyu ameishonea kata nzima. Kaptula ya kwanza ya shule ya Mheshimiwa Waziri aliishona yeye, kwa mkopo ambao hakuudai. Mumewe, Mzee Hemedi, alifariki asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, wakati jua la kwetu linakaanga mawe. Kwa Waislamu maiti haicheleweshwi. Saa nne wanaume tulikuwa makaburini na majembe, na shimo limeshafika magotini.

Akatokea Afisa Pato wa Kata, Bwana Nuhu Kipande, na mashine yake ya risiti begani.

"Tokeni humo shimoni," akasema. "Nani anawalipa?"

"Anatulipa Mungu," nikamjibu.

"Amesajiliwa?"

Polisi wawili aliokuja nao wakatunyang'anya majembe. Bwana Nuhu akaenda kwa mjane akampa orodha ya huduma: wachimbaji waliosajiliwa, waoshaji, wapishi, turubai, na waliaji wanne wa daraja la pili. Jumla laki sita na nusu. Kampuni pekee yenye leseni ilikuwa mjini, ikiitwa Pumziko Jema, na haitoki ofisini kabla ya malipo.

"Mwanangu," Bi. Sikudhani alimwambia, "nipe hata kibali cha kumwosha. Mume wangu mwenyewe, jamani."

"Ukimwosha bure, mama, taifa linapoteza elfu themanini."

Sheikh alikuja akasihi, akaambiwa hata dua ina risiti yake. Sisi tulikatazwa kuingia uani. Cherehani ikapelekwa sokoni, na siku ya mnada wa shida kila mtu anakuwa bahili. Ilichukua siku mbili kupata mnunuzi. Siku mbili, mwezi wa kwanza, nyumba ya bati. Nasimulia haraka hapa kwa sababu nikisimulia polepole nitatukana.

Mtu pekee aliyevuka mlango ule alikuwa Bibi Apolonia. Alikuja na sufuria lake la uji, akampita Bwana Nuhu bila kumtazama, akakaa na mjane chumbani siku zote mbili. Bwana Nuhu akaogopa kumgusa mama wa Waziri, lakini alimwandikia faini ya kupika bila leseni. Bibi akalifunika sufuria kwa ile karatasi ya faini.

Wakati tunatawanyika, baada ya wageni kutoka mjini kumfukia Mzee Hemedi wakitazama saa, Bibi alituita wanachama wote.

"Wanangu, naona aibu mpaka kwenye mifupa," akasema. "Mimi siku yangu ikifika, msimpe Ladi. Atanigeuza hotuba. Nizikeni ninyi, mikono yenu hii hii."

*

Robo ile ya mwaka pato lilipanda. Mia tisa sabini na mbili! Magazeti yaliandika kwa wino mwekundu. Mheshimiwa Waziri akaja kwetu na bendi, akajenga jukwaa mbele ya ofisi ya kata, na akamwita Bi. Sikudhani jukwaani kama mfano wa kuigwa.

"Mama huyu!" alisema, amemshika bega. "Kwa msiba mmoja tu, ameingiza kwenye uchumi wa taifa laki sita na nusu! Alikuwa na cherehani imelala tu nyumbani. Leo cherehani ile iko sokoni, inazunguka! Mpigieni makofi mchangiaji huyu!"

Watu waliolipwa kupiga makofi wakapiga. Akampa cheti chenye picha yake yeye Waziri. Akamsogezea kipaza sauti. Bi. Sikudhani alikishika kile cheti kwa mikono miwili, akamtazama usoni, akasema sentensi moja.

"Mungu akujalie nawe uchangie."

"Amina!" akaitikia Mheshimiwa Waziri kwa sauti kubwa. Bendi ikapiga.

Mimi nilisikia nywele zinanisimama. Nikasema moyoni, huyu mtu ameitikia mwenyewe.

*

Bibi Apolonia alifariki mwaka huo huo, alfajiri ya Alhamisi, amelala kitandani kwake, hakumsumbua mtu. Tukampigia simu mwanawe. Nataka kuwa mkweli, nilisikia akipenga kamasi. Halafu akauliza tarehe.

"Katibu, nisikilize. Msimguse. Mkuu wa Nchi anarudi safari Jumamosi ya wiki ijayo, na lazima awepo. Tuko mia tisa tisini na nane. Umenisikia? Tumebakiza dola mbili! Mama atatuvusha."

"Siku tisa, Mheshimiwa?"

"Kwenye barafu. Barafu nayo inahesabika."

Siku hiyo hiyo maofisa pato wote wa nchi, Bwana Nuhu akiwemo, waliitwa makao makuu kwenye semina elekezi ya kujiandaa na msiba, yenye posho. Kata ikabaki bila jicho la serikali. Tukakutana uani kwa Bibi, chama kilichopigwa marufuku, watu sitini na kitu.

Nikasema la moyoni mwangu. Nilisema tumwachie mama yake, wamchukue, wamweke kwenye barafu, auone naye uchungu. Nilikuwa na hasira mpaka kwa maiti. Wengine wakaunga mkono.

Bi. Sikudhani akasimama. "Katibu, wewe ndiye unayekumbuka nani alikuja kwa nani. Huyu alikuja kwangu au hakuja?"

"Alikuja."

"Basi na sisi tumekuja. Mwanawe hajaja kwa mtu. Hayo ni mambo mawili, msiyachanganye kwenye chungu kimoja."

Saa sita mchana kweupe wanaume walishika majembe. Wanawake walimwosha Bibi kwa maji ya vuguvugu, wakamvika gauni lake la kanisani. Padri alikuja kwa baiskeli. Ardhi yetu ni mawe matupu, lakini siku ile tulichimba futi sita kamili na hakuna aliyelalamika. Tulilia kupita robo saa. Tulilia bila risiti, na utamu wa kilio kile siwezi kukueleza.

Ikabaki hesabu ya jeneza ambalo Waziri angelituma jioni. Kwetu, mtu akipotea mbali, akachukuliwa na mto au akafia vitani na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukazikwa mahali pake ili ndugu zake watulie.

"Ladi amepotea zamani," akasema Bi. Sikudhani. "Mpeni mgomba."

Jioni likaja gari la Pumziko Jema na jeneza la mninga lenye vishikio vya dhahabu. Dereva na mwenzake hawakushuka kuingiza maiti; kuingiza ilikuwa huduma ya kampuni nyingine ambayo haikupata mafuta. Wanawake wakawasaidia kwa moyo mkunjufu. Mgomba ule tuliung'oa na shina lake la chini, mnene, mzito wa kumtosha Bibi, tukaufunga sanda vizuri kabisa. Dereva akapiga muhuri wa wizara juu ya kifuniko na akatupa pole, kisha akatuandikia risiti ya pole.

*

Msiba ule ulimwengu mzima uliuona. Waliaji mia nne wa daraja la kwanza. Mizinga ishirini na mmoja. Hotuba kumi na saba, mojawapo ya kampuni ya mbolea iliyofadhili maua. Katika ratiba kulikuwa na dakika mbili za familia kufungua jeneza na kuaga. Mheshimiwa Waziri alizifuta kwa kalamu yake mwenyewe ili kampuni ya mbolea ipate nafasi. Dakika mbili, msomaji. Angeutazama tu uso wa mama yake, tungekuwa jela wote.

Wakauzika mgomba katika Uwanja wa Mashujaa, chini ya marumaru. Mkuu wa Nchi alipiga saluti. Saa tisa alasiri redio ikatangaza: dola elfu moja na moja! Tumevuka! Watu wakaambiwa wacheze, wakacheza. Wiki iliyofuata zahanati yetu ikaacha kupokea dawa za msaada, kwa kuwa dawa zile ni za nchi maskini. Mkuu wa Nchi akaenda mkutanoni, akakaa kwenye kiti cha ngozi, na picha yake akiwa amekikalia ikawekwa kwenye noti.

Siku ya arobaini Waziri alikuja Mawe Mengi na magari kumi na moja kutushukuru kwa kumtunza mama. Bi. Sikudhani akamwomba pembeni. Mimi nilikuwepo, nimeshika mwavuli.

"Mheshimiwa, mama yako tulimzika sisi, Alhamisi ile ile. Wewe ulizika mgomba."

Alicheka. Akaniangalia mimi, sikucheka. Akasema uzee ni kitu kibaya, akapanda gari.

Lakini wachimbaji waliosajiliwa walilipwa kwa kaburi, hawakulipwa kwa kina, na walichimba futi tatu. Mvua za kwanza zilipoanguka, pale Uwanja wa Mashujaa, katikati ya vipande viwili vya marumaru, likachomoza jani la kijani lililojisokota. Mlinzi aliyeliona akampigia Waziri simu. Mheshimiwa alikuja mwenyewe, akapiga magoti, akalikata kwa kisu cha kufungulia barua. Jumatatu iliyofuata lilikuwa limerudi.

Angemwambia nani? Akisema, msiba umefutika, na msiba ukifutika tunarudi mia tisa tisini na nane, na Mkuu wa Nchi anarudi karibu na choo. Kwa hiyo kila mwaka, Siku ya Pato, Mheshimiwa Waziri husimama mbele ya mabalozi akaweka shada juu ya mgomba na kusema, "Mama, umelala salama." Sisi huku huangalia kwenye runinga ya ofisi ya kata. Nakiri kwamba mimi hununua karanga kabisa.

*

Mara ya tatu alikuja bila magari. Alishuka kwenye lori la mahindi, amevaa suruali iliyokunjamana, akaenda moja kwa moja kwa Bi. Sikudhani na kuchuchumaa mlangoni.

"Mama, naomba unionyeshe mama yangu."

"Kwetu kaburi la mtu huonyeshwa wanaozika watu," akamjibu. "Wewe umemzika nani, Ladi?"

"Nitazika. Niambieni nianze wapi."

Akaanza. Ni mwaka wa pili sasa. Akifa mtu Mawe Mengi, tunampigia simu, naye anaacha baraza la mawaziri na kuja na jembe lake. Anachimba bure, kinyume cha sheria yake mwenyewe, na Bwana Nuhu hugeuza uso. Viganja vilimchubuka, vikatoka damu, sasa vimeota sugu. Amechimba makaburi kumi na tisa, ninayakumbuka yote. Kila akienda makaburini anampita mama yake, aliyelala bila msalaba wala jina, kwa hatua nane, na kila jiwe analolikaribia ananitazama mimi usoni, kama nitapepesa. Sipepesi. Sitasema kwamba naona huruma, kwa maana siioni.

Hata hivyo mimi ni katibu, na sharti ni sharti. Mtu aliyezika kumi na tisa ameshakuwa mwenzetu. Nikaona ni wajibu wangu kumuuliza Bi. Sikudhani. Nilimkuta anashona kwa mkono, sindano na uzi, vazi la mtoto wa shule.

"Bi. Sikudhani, Ladi tutamwonyesha lini?"

Hakuinua kichwa. "Mzee Hemedi alikaa siku mbili humu ndani," akasema. "Nimepaka chokaa mara tatu. Nimebadilisha godoro. Nimechoma ubani mpaka majirani wakalalamika. Siku nitakayoamka nisiisikie ile harufu, nitamshika mkono mwenyewe nimpeleke."

Jana tumezika tena, na Ladi alichimba mpaka mwisho. Nilipita kwa Bi. Sikudhani jioni nikamuuliza. Bado anaisikia.